Kidonge cha Asidi Amino Hakichukui Nafasi ya Glavu

Kosa la kupulizia dawa bila kinga limepata kisingizio kipya. Mkulima anameza asubuhi kidonge cha asidi amino kama sisteini, methionini au taurini kwa kuwa ameambiwa kinalinda ini, kisha anabeba bomba mgongoni akiwa na shati la mikono mifupi na viganja vitupu. Zamani kisingizio kilikuwa maziwa. Ndugu zangu, huko ni kununua ujasiri wa kujimwagia sumu.

Habari yenyewe haikuzuka hewani. Ini hutengeneza glutathioni kwa asidi amino tatu, yaani glutamati, sisteini na glisini, na glutathioni husaidia kuzima sumu nyingi mwilini. Panya wa maabara waliopewa N-asetilisisteini (aina ya sisteini) au taurini pamoja na kiuatilifu, yaani dawa ya shambani, walionekana kupata madhara madogo zaidi kwenye ini na figo. Lakini panya hao walipimiwa kila kitu, dozi ya kirutubisho na dozi ya sumu. Wewe hujui sumu kiasi gani imekuingia. Tena viuatilifu vya kundi la oganofosfati hufunga kimeng'enya cha neva, asetilikolinesterasi, na kidonge cha asidi amino hakikifungui. Mwenye ugonjwa wa figo asijaribu kabisa virutubisho hivi bila daktari wake.

Sumu nyingi ya shambani hupitia kwenye ngozi. Watu waliojitolea kupakwa parathioni, kiuatilifu cha kundi hilo la oganofosfati, walifyonza takribani asilimia 9 kwenye mkono chini ya kiwiko, asilimia 36 kwenye paji la uso, na karibu yote kwenye korodani. Sasa fikiria bomba linalovuja kwenye kifuniko: dawa inateremka mgongoni, inalowanisha kiuno, inashuka kwenye nyonga, nawe unaendelea kupulizia hadi mstari uishe. Usiendelee! Simama, vua, oga. Na kabla ya kutia dawa, jaza bomba maji matupu, lipige pampu, kisha kagua kifuniko, mpira na viungio.

Glavu ziwe za nitrili (mpira wa kutengenezwa kiwandani), unene usiopungua milimita 0.4, zifike katikati ya kigasha. Zile nyembamba za zahanati hazifai, na za kitambaa au ngozi ni mbaya zaidi kwa sababu hunyonya dawa na kuishikilia kwenye kiganja. Zivae kabla ya kufungua chupa, maana wakati wa kuchanganya ndipo unaposhika dawa ikiwa kali kuliko wakati wowote. Kipimo ni kile cha kwenye lebo, kwa kikombe chenye alama. Kizibo si kipimo! Ukipulizia mimea mifupi, mkono wa shati ukae juu ya glavu. Ukipulizia juu ya kichwa, glavu zikae juu ya shati. Suruali hukaa nje ya buti siku zote. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa dawa, kwa hiyo vaa kinga ya pumzi iliyotajwa kwenye lebo.

Chupa ikiisha, ungali na glavu, tia maji robo yake, funga, tikisa sekunde 30, mimina kwenye bomba. Fanya hivyo mara 3, kisha itoboe. Osha glavu kwa sabuni kabla ya kuzivua, oga mara moja, na nguo zifuliwe peke yake.

Ukimaliza kazi ngozi ikiwa kavu chini ya ovaroli, umefanya vizuri.

Dawa ikikurukia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Ukitokwa na jasho na mate mengi, misuli ikichezacheza, macho yakiona ukungu au ukitapika, nenda hospitali saa hiyohiyo ukiwa na lebo ya dawa uliyotumia. Usijitapishe, usinywe maziwa, wala usimeze kidonge ukisubiri kuona kama utapata nafuu. Sumu ya oganofosfati hutibiwa kwa atropini, na daktari anahitaji jina lililo kwenye lebo hiyo ili ajue pa kuanzia.