Kung'arisha rangi ya modeli za plastiki: weka mashine kando

Wengi wetu tunaopaka rangi modeli, yaani vigari vidogo vya kuunganisha, hapa Nakuru tulijifunza kwa mafundi wa rangi za magari, na kuna tabia moja tuliyotoka nayo huko: kutumia mashine. Iache. Plastiki hii ni polistireni, na msuguano wa mashine huipasha moto hadi rangi inalainika na kukunjamana. Hapa ni mkono tu.

Ninayoifanyia kazi ni Datsun 240Z ya kipimo cha 1/24, nyekundu yenye boneti nyeusi, kama ile iliyoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1971.

Kwanza, subiri ikauke. Rangi isiyonata si lazima iwe imekauka. Laka, ile rangi ya thina inayokauka haraka, naipa wiki nzima, rangi ya mafuta wiki tatu au zaidi. Inuse: ukisikia harufu ya thina, irudishe kabatini. Niliwahi kuanza siku ya tatu, na alama za vidole vyangu ziko kwenye paa mpaka leo.

Pili, stika zote ziwe chini ya vanishi, tabaka tatu au nne nyembamba. Vanishi ikipungua, utakuwa unakwangua rangi yenyewe.

Tatu ndiyo kazi hasa: msasa wa maji. Uloweke kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo, anza na namba 2000, kisha 3000, na ukipata laini zaidi, endelea. Unaondoa yale mawimbi yanayofanana na ganda la chungwa. Pangusa maji utazame: uso wote ufifie sawasawa. Vidoa vinavyong'aa ni vibonde ambavyo msasa haujavifikia. Kingo usiziguse, maana rangi mbichi hujivuta kutoka ukingoni na kuacha utando mwembamba. Zibandike tepu ya karatasi. Ukiona maji yamekuwa mekundu, umeshapita vanishi. Simama hapo hapo.

Nne, kampaundi, yaani dawa ya kusugulia rangi ing'ae: ya kukwaruza kisha laini, kila moja na kitambaa chake cha pamba. Ule unga mweupe unaobaki kwenye mistari ya milango utoe kwa mswaki laini.

Tano, waksi kidogo. Haifuti mikwaruzo, hata muuzaji akuapie. Yenye silikoni iepuke: siku ukitaka kupaka tena, rangi itakimbia na kuacha vishimo.

MASWALI

Mkuu, niko Kisumu. Vanishi imetoka na ukungu mweupe. Nisugue?
Hapana, ndugu. Laka ikikauka haraka hupoza uso, na unyevu wa hewa ya ziwa hunaswa humo. Ngoja mchana mkavu, upulizie thina ya kukauka polepole, kidogo sana. Mara nyingi ukungu hufunguka.

Dawa ya meno je?
Inasugua, ila hujui ukali wa chembe zake. Ijaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki ulichopaka rangi ileile.

Na boneti nyeusi isiyong'aa?
Usiipake waksi wala kampaundi. Itatoka na mabaka ya kung'aa.

Kaka, gari la Safari huwa tope tupu. Unaling'arishia nini?
Langu bado liko kwenye jukwaa la kuanzia! Wewe unayetaka tope, usipake waksi pale litakapokaa. Unga wa rangi wa kuigizia tope haushiki juu ya waksi.