Mko wawili tu nyumbani, watoto wameshajitegemea: bima ya maisha mnaihitaji kweli?

Hili nawaandikia wazee wangu wa Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea na kwingineko huku kusini, nyie ambao mmebaki wawili tu nyumbani, watoto wameshaoa na kuolewa au Mungu hakujaalia, halafu pesa ya korosho au kiinua mgongo kikiingia mtu anakuja na fomu ya bima ya maisha. Msisaini siku hiyo hiyo. Mwambieni aache karatasi zake, jioni mkae wenyewe na daftari.

Andikeni swali moja: baba akifariki leo, mama atakosa pesa gani kuanzia mwezi ujao? Halafu mligeuze, mama akitangulia, baba atakosa nini? Bima ya maisha kazi yake kubwa ndo hiyo, kuziba pengo la pesa iliyokuwa inaletwa na marehemu. Kama nyumba ni yenu, hamna deni, mikorosho inazaa na atakayebaki ataendelea kula kama kawaida, basi mimi nasema hamuihitaji, hiyo hela bora iende kwenye bima ya afya maana kwa umri huu hospitali ndo inayomaliza akiba za watu.

Ila hapo kwenye "hatuna wategemezi" msijibu haraka. Yule mjukuu aliyeletwa na mama yake aliyeko Dar, mnamlipia sare na madaftari, ni tegemezi. Dada mgonjwa mnayemtumia hela kila mwezi, naye pia. Waandikeni kwa majina.

Kingine pensheni. Kama mnaishi kwa pensheni ya mmoja wenu, nendeni ofisi ya mfuko wenu wa pensheni, PSSSF au NSSF, mkaulize: mimi nikifa mwenzangu atalipwa nini, kwa muda gani, na majina yaliyopo kwenye faili langu ni ya nani? Wapo watu faili bado lina jina la mke wa zamani au la mzazi aliyekwishafariki, na hayo yanarekebishika mtu akiwa hai. Na mkopo wa benki, kabla hamjakata bima kwa ajili yake someni mkataba, mara nyingi mlishakatwa bima ya mkopo siku mnachukua hela, deni linalipwa na bima mkopaji akifa, sasa kwa nini mlipie mara mbili?

Mkiona pengo lipo kweli, ndo mpige hesabu. Umri ukienda bei inapanda, na kampuni zinaweka ukomo wa umri wa kujiunga. Tuseme mnaambiwa 40,000 kwa mwezi, hiyo ni 480,000 kwa mwaka, miaka 10 ni 4,800,000. Ulizeni fidia ni shilingi ngapi, na kama ni bima ya muda maalum, tukimaliza muda wote wawili tuko hai tunarudishiwa chochote? Bima ya muda tupu kwa kawaida hairudishi. Ile yenye akiba ndani inarudisha, lakini ukiivunja mapema unaambulia kidogo sana.

Sasa niseme kinachowaumiza wajane wengi huku, na bima haikigusi. Malipo ya korosho yanaingia benki kwenye akaunti ya mkulima aliyesajiliwa, na mara nyingi ni jina la baba peke yake. Baba akifa, mama hawezi kutoa hata mia mpaka kikao cha ukoo kikae, cheti cha kifo kipatikane, msimamizi wa mirathi ateuliwe mahakamani, na wakati huo mikorosho inataka palizi na salfa. Halafu kuna mila zetu, Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, urithi unapita upande wa mama, wapwa wanaweza kuja kudai shamba mlilolima wote. Na kwa sheria ya Kiislamu mjane ambaye mume hakuacha mtoto anapata robo, zinazobaki zinaenda kwa ndugu wa mume, wala wosia hauwezi kumwongezea mrithi bila warithi wengine kuridhia.

Kwa hiyo mambo haya yafanyeni sasa hivi mkiwa na nguvu. Hati ya kimila ya shamba iandikwe majina yenu yote mawili, kijiji kinaruhusiwa kutoa hivyo. Fungueni akaunti ya pamoja ambayo yeyote kati yenu anaweza kutoa hela. Baba kama anataka kumpa mama kitu, ampe kwa hiba, yaani zawadi, akiwa hai na amkabidhi kweli, mashahidi wakiwepo. Wosia unaweza kuuandika na kuuhifadhi RITA, ile ofisi ya serikali inayotoa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo. Kwa wengi wenu hayo ndo yatakayomlinda atakayebaki kuliko bima.

Mazishi nayo watu wanayaogopa, lakini majirani na chama cha kuzikana wanabeba sehemu kubwa. Gharama nzito ni kama mtu amefia Muhimbili na mnataka kumrudisha Newala. Kwa hilo bima ndogo ya mazishi inaweza kufaa, au akiba mnayoiweka wenyewe bila kuigusa.

Mkiamua kukata, wakala awaonyeshe leseni ya TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, na mkataba wenu uwe wa Kiswahili au awepo kijana wa kuwasomea. Ulizeni kipindi cha kusubiri, maana mtu akifa kwa ugonjwa ndani ya muda huo fidia inaweza isitoke. Presha na sukari semeni wazi kwenye fomu, msimuache wakala awajazie "hapana" ili ipite haraka, siku ya madai kampuni ikikuta rekodi za hospitali inaweza kukataa kulipa na atakayehangaika ni yule mliyetaka kumsaidia. Nakala ya mkataba na risiti wekeni mahali mnapopajua wote wawili, na mtoto mmoja aambiwe.