Karavani ya kwanza: anza na uzito, mambo ya kitanda baadaye

Huku Malindi naulizwa sana kuhusu hizi karavani, yaani vijumba vya magurudumu vya kuvuta na gari, hasa na hawa ndugu zetu waliorudi kutoka nje, na swali la kwanza huwa kitanda kina ukubwa gani na friji iko ama haiko. Jamani hayo ya baadaye. Kabla hujafungua mlango zunguka utafute kile kibati kilichopigwa kwenye bodi ama kwenye chesisi, kimeandikwa uzito wa karavani ikiwa tupu na uzito wa mwisho ikiwa na mizigo, alafu fungua kitabu cha gari lako uone linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi. Kama karavani mwisho wake ni kilo 1,300 na gari mwisho kuvuta ni 1,200, mazungumzo yamekwisha, hata muuzaji akushushie bei vipi. Kuna wanaosema injini ni kubwa itavuta tu. Kuvuta itavuta, kazi iko kwenye kusimama. Kule Ulaya trela ikipita kilo 750 ni lazima iwe na breki zake yenyewe na mi naona hata hapa ikipita uzito huo usikubali isiyo na breki.

Ile tofauti ya tupu na mwisho ndo nafasi yako ya mizigo na inaisha haraka sana, manake maji lita moja ni kilo moja, kwa hivo tangi la lita 60 likijaa umeshapakia mtu mzima, bado mtungi wa gesi wa kilo 13 ambao chuma chake nacho kina uzito wake, bado betri, meza, viti, makaa, kreti ya soda, kulaboksi ya samaki. Kama unakoenda kuna maji, tembea na tangi tupu.

Alafu kuna pua, yaani pale mbele karavani inapolalia gari, na hapa nakuomba usome polepole. Pua ikiwa nyepesi kwa sababu umerundika vitu nyuma, karavani inaanza kucheza kushoto kulia ukishika spidi na inaweza kukuangusha. Ikiwa nzito kupita kiasi nyuma ya gari inakaa chini na usukani unakuwa mwepesi. Kwa karavani ya kilo 1,000 pua ikiwa kati ya kilo 70 na 100 uko sawa, bora usipite kile kilichoandikwa kwenye tobaa, kile chuma cha kuvutia nyuma ya gari. Kupima ni rahisi: karavani ishapakiwa vitu vyote, weka kwenye sehemu sawa, weka kuni kwenye magurudumu mbele na nyuma, chukua mizani ya kupimia watu uiweke chini ya ule mdomo unaoshika mpira wa chuma, simamisha kipande cha boriti katikati, shusha pua pole pole kwa kile kigurudumu cha mbele mpaka uzito wote ulale kwenye boriti, soma. Ikizidi sogeza vitu vizito nyuma kidogo, ikipungua sogeza mbele, lakini vizito vyote vikae chini sakafuni karibu na ekseli, kamwe usipakie kreti juu kwenye makabati.

Ukienda kununua, hewa yetu ya bahari haina huruma na chuma. Lala chini kabisa uangalie chesisi, rangi mpya nyeusi iliyopakwa juzi ni ya kuuliza maswali. Ndani bonyeza kwa dole gumba chini ya madirisha na kwenye pembe zote za dari, pakibonyea kama mkate umeloa, maji yameshaingia kwenye mbao na hiyo ni kazi kubwa ya fundi. Taya, yaani matairi, angalia ile namba ya tarakimu 4 ubavuni, 2319 manake ilitengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019, na taya za karavani huzeeka zikiwa na meno yote kwa sababu inakaa tu. Na logbuku ni lazima, trela ina yake mbali na ya gari, namba zake huanza na Z.

Kufunga karavani kwenye gari kuwe na mpangilio ule ule kila siku na asikuongeleshe mtu ukiwa unafunga. Mdomo ukikaa kwenye mpira wa chuma, funga loki, alafu jaribu kuinua pua na kile kigurudumu: nyuma ya gari ikiinuka pamoja nayo imeshika kweli. Minyororo ipishane chini kama msalaba, waya wa taa, mtu asimame nyuma akuangalizie indiketa na breki. Wakati wa kufungua anza na kuni kwenye magurudumu, kila siku, hata uwanja uonekane sawa.

Barabarani spidi ya 80 inatosha kabisa. Matuta ya Gede na Matsangoni ingia taratibu, na kumbuka wewe ukishapita tuta karavani bado haijapita. Tuktuk na boda watakuingilia mbele, waachie nafasi kubwa. Ikianza kuyumba usipige breki kwa nguvu wala usipambane na usukani, ushike sawa, toa mguu kwenye mafuta ipungue yenyewe. Ukifika Kilifi simama kaza nati za magurudumu na ushike kati ya gurudumu kwa mkono, likiwa la moto kupita mwenzake beringi ina shida. Kurudi nyuma kajifunze asubuhi kwenye uwanja mtupu: shika usukani chini kabisa, mkono ukienda kushoto mkia wa karavani nao unaenda kushoto.

Safari ya kwanza iwe karibu, Watamu ama Marafa, usiku mmoja tu, kikisahaulika kitu uko nyumbani. Tsavo kupitia geti la Sala ni kama kilomita 110 na ndani ni murram, hiyo iache mpaka umeizoea. Wa Lamu nyinyi karavani yenu itaishia Mokowe, pale jeti ya bara.

Ukifika usipaki chini ya mnazi hata kivuli kikuvutie vipi, dafu moja linatosha kupasua dari. Sawazisha karavani vizuri, zile friji za gesi hazigandishi zikilala upande. Na vile vitundu vya sakafuni usizibe kwa sababu ya mbu, gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatokea pale, weka wavu tu. Gesi ya mtungi ifungwe ukiwa unatembea barabarani.

Ukirudi kutoka ufukweni osha chini yote siku hiyo hiyo, ekseli, breki, minyororo, na uoshe na maji ya mfereji, yale ya bomba, kwa sababu visima vyetu vingi vina chumvi na utakuwa unaongezea tu. Ikikauka paka grisi kwenye mpira wa chuma na kigurudumu cha mbele, fungua makabati yote yapate hewa, na betri uichaji ijae kabla hujaiacha.