Fleki kwenye kiko: kuanika, kufikicha na kupakia bila kuunguza ulimi

Wakuu, mtu akifungua kopo lake la kwanza la fleki hakuti ile tumbaku ya nyuzinyuzi aliyozoea, anakuta vipande bapa vimelaliana kama kurasa za daftari lililolowa, vingine vya kahawia vingine vinaelekea weusi, vinanata kidogo vidoleni, na swali linalomjia ni moja tu, sasa hii inaingiaje kwenye kiko?

Mi wala sikuuliza. Nilichukua kipande kibichi hivohivo kilivyotoka kwenye kopo, nikakisokomeza, nikashindilia na kidole gumba mpaka kikakaa kama kizibo cha chupa, nikawasha. Njiti zaidi ya 10 zikaisha pale. Moshi haupiti, nikivuta kwa nguvu unakuja mvuke wa moto tupu, kiko kinakoroma kama mzee aliyelala chali, na kesho yake hata maji ya uvuguvugu yalikuwa yananichoma ulimi. Nikailaumu tumbaku, nikaliweka kopo kabatini miezi kadhaa. Kumbe tumbaku ilikuwa nzuri kabisa, mi ndo nilikuwa naivuta ikiwa imelowa na nimeiziba pumzi.

Ukishika hayo mawili, maji na hewa, umeshika karibu kila kitu kuhusu fleki. Fleki ni majani yaliyopangwa tabaka kwa tabaka yakabanwa kwenye presi, mara nyingi na joto juu yake, mpaka yakawa bonge gumu kama tofali, halafu hilo tofali ndo linakatwa vipande vyembamba. Likiuzwa zima bila kukatwa linaitwa plagi, na ikisokotwa kama kamba nene halafu ikakatwa vipande vya duara vyenye umbo la sarafu, basi hizo ni koini, mambo yake ni yaleyale. Kwa sababu imebanwa, fleki ina tumbaku nyingi kwenye nafasi ndogo, kwahiyo inaungua polepole na ladha yake inakaa muda mrefu, ndo raha yake hiyo. Ila kubanwa hukohuko ndo kunafanya hewa isipite kirahisi na unyevu ukae ndani kwa ndani hata kama juu pameshakauka. Watengenezaji wengine wanaiacha na maji mengi kwelikweli, Full Virginia Flake ya Samuel Gawith, wale wa Kendal kule Uingereza, inajulikana kwa hilo, ukiitoa na kuivuta hapohapo umejitafutia.

Kwahiyo kazi ya kwanza ni kuanika, na hapa usiwe na haraka. Toa vipande unavyovuta leo tu, kwa kiko cha saizi ya kati gramu 2 hadi 3 zinatosha, vitenganishe, vitandaze juu ya karatasi nyeupe kavu, uviache penye hewa lakini sio juani. Muda siwezi kukutajia mmoja wa kila siku kwa sababu inategemea tumbaku yenyewe na hali ya hewa, kuna inayotaka dakika 20 na kuna inayotaka masaa mawili, nyingine mi naitoa usiku navuta asubuhi. Ukitaka ikauke haraka ifikiche kwanza ndo uianike, maana iliyofumuka inakauka upesi kuliko kipande kizima. Na tafadhali usiweke kwenye maikrowevu. Nilishafanya hivo siku moja nina haraka, chumba kizima kilinukia vizuri mno, afu nilipovuta nikagundua ile harufu nzuri ndo ilikuwa ladha yangu inaondoka zake.

Utajuaje imefika? Bana kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, bana kweli, halafu achia. Ikibaki imeshikana kama udongo wa kufinyangia bado ina maji. Ikisagika na kutoa sauti ya majani makavu umepitiliza. Inayotakiwa ni ile ambayo ukiachia inafunguka yenyewe taratibu, ukiigusa ni laini lakini vidole vinabaki vikavu. Njia nyingine, bandika kipande kwenye mdomo wa chini sekunde chache, ukihisi ubaridi wa majimaji irudishe kwenye karatasi. Ukiwa na wasiwasi kati ya kuivuta sasa na kuiacha dakika 10 zaidi, iache. Watu wengi wanaogopa kukausha wakidhani ladha itapotea, kumbe kwenye fleki za Virginia, ambayo ni aina mojawapo ya tumbaku, kinachoficha ladha ni mvuke, na mvuke huohuo ndo unaobabua ulimi. Na ikikauka kupita kiasi haijafa, iweke kwenye bakuli, funika bakuli kwa kitambaa chenye unyevu kisichogusa tumbaku, angalia kila baada ya muda mfupi mpaka irudi.

Sasa kuiandaa. Kuna njia tatu kubwa, nyingine zote ni watoto wa hizi.

Ya kwanza ni kufikicha, na kama ndo unaanza anzia hapa hata kama kuna mtu anakuambia mwanaume wa kweli hafikichi fleki, achana naye. Weka kipande kwenye kiganja, weka kiganja cha pili juu yake, zungusha kama unavyofikicha masuke kutoa nafaka, taratibu. Kipande kitaanza kufumuka kwenye pande, nyuzi zinaachiana, mabonge madogo yanabaki katikati. Acha hapo ukitaka iungue polepole, au endelea mpaka iwe nyuzi tupu kama tumbaku ya kawaida. Mi napenda kuishia katikati, robo tatu nyuzi na robo mabonge, inawaka kirahisi na bado inatulia. Ikiwa unga imepitiliza, unga unaziba kile kitundu cha chini ndani ya kiko kinachopitisha moshi.

Ya pili ni kukunja, hii ndo ya maringo, na ikikaa vizuri hakuna inayoizidi kwa utulivu wa moto. Chukua kipande kimoja kirefu au viwili vifupi, kikunje kwa urefu wake nyuzi zikiwa zinaelekea juu na chini na sio kukingama, halafu kikunje tena kirudi nusu, kisokote kidogo tu katikati ya vidole ili kilegee na hewa ipate upenyo. Kiwe chembamba kuliko tundu la bakuli, yaani kile kichwa cha kiko kinachobeba tumbaku. Narudia, chembamba kuliko tundu. Kiingize huku unakizungusha kama unafunga skrubu, kiingie bila kusukumwa kwa nguvu, na kikigoma usilazimishe, kitoe, bandua kidogo upande mmoja, jaribu tena. Kosa la karibu kila mtu liko hapa, anakunja mpaka kinajaa tundu lote, kinaingia kwa kubanwa, kinakaa vizuri kwa macho, halafu fleki ikipata moto inavimba. Inavimba kweli, utaiona inapanda juu kama unga wenye hamira. Kama hukuacha nafasi itavimbia wapi? Itajibana yenyewe na moto utazima katikati. Ukishaingiza, ile nafasi iliyobaki juu jazia na nyuzi ulizofikicha kidogo, hizo ndo za kushikia moto, kama vijiti vya kuwashia kuni kubwa.

Ya tatu ni kukata vidonge. Chukua mkasi au kisu kikali, kata kipande kuwa vibanzi vyembamba, halafu kata vibanzi hivyo kwa upande wa pili upate vipande vidogo vya mraba vya kama milimita 3. Vimwage tu kwenye bakuli, gonga pembeni ya kiko kwa kidole vitulie, ongeza, gonga, basi, hakuna kushindilia. Juu tena weka nyuzi za kushikia moto. Inaungua polepole kuliko zote na inafaa kiko kirefu chembamba, ila kuiwasha kunahitaji uvumilivu.

Kupakia ile iliyofikichwa ndo pana maneno mengi, ila mi nafanya hivi: nadondosha nyuzi zenyewe bila kusukuma mpaka bakuli lijae, nagonga pembeni zishuke, nabana kidogo sana kwa kidole mpaka ifike kama nusu ya bakuli, najaza tena, nabana kidogo zaidi, nabakisha milimita chache juu. Kidole kikibonyeza tumbaku inatakiwa irudishe kidole, kama godoro jipya. Isiporudi imebanwa. Kisha kabla hujawasha, na hii usiiruke hata ukiwa na miaka 20 kwenye kiko, vuta ikiwa haijawashwa. Hewa ipite karibu kama kiko kitupu, pawe na ukinzani kidogo tu wa kukukumbusha kwamba kuna kitu ndani. Ukihisi kama unavuta kitu kizito kwenye mrija mwembamba, mwaga yote uanze upya. Najua inaudhi, umeshakaa umetulia afu unaambiwa mwaga, lakini ukiwasha ikiwa imeziba hakuna ufundi utakaoiokoa, utachokonoa humo ndani na waya mpaka uichukie. Na ukikosea basi kosea upande wa kulegeza. Iliyolegea unaibana hata ikiwa inawaka, ila iliyobanwa hailegezeki.

Kuwasha ni mara mbili. Tumia njiti ya kiberiti au laita yenye mwali laini, zile laita za mwali wa kutoboa zinakula mdomo wa bakuli mpaka unakuwa mweusi. Ukiwasha njiti subiri kichwa chake kiishe kuungua ndo uisogeze, la sivyo unaonja baruti. Zungusha mwali juu ya tumbaku yote huku unavuta kidogokidogo, juu patakuwa peusi, nyuzi zitanyanyuka kama nywele zilizoshtuka. Moto ukizima ni sawa, mara hii ya kwanza kazi yake ni kuunguza juu tu. Chukua kidude chako cha kushindilia, laza hizo nyuzi kwa uzito wa kidude chenyewe bila kuongeza mkono, halafu washa tena. Hapa sasa ndo umeanza.

Kuvuta ni kwa pumzi ndogo, kama mtu anayepuliza chai ya moto lakini kinyume chake, na unaacha muda kati ya moja na nyingine. Moshi uwe mwembamba, fleki haihitaji mawingu. Weka bakuli shavuni mara mojamoja, ukishindwa kuliacha hapo kwa sababu ya joto basi weka kiko chini, kisubiri. Kikizima kizime, fleki inazima, kuwasha tena mara tatu nne kwa bakuli moja ni kawaida na mtu asikutanie kwa hilo. Kabla ya kuwasha tena laza majivu kidogo, yakiwa mengi sana mwaga ya juu. Kikianza kukoroma pitisha waya wa kusafishia kwenye mrija mpaka ndani unyonye maji, usikivute kwa nguvu ukidhani yatakauka yenyewe, yatakuja mdomoni na utajuta.

Tahadhari moja ambayo watu wanaipitia juujuu: fleki nyingi zina nikotini ya kutosha, na kwa kuwa inaungua taratibu unaimeza kidogokidogo bila kustuka mpaka unaposimama. Usivute na njaa, kaa chini, ukianza kutoka jasho la baridi na kichwa kuzunguka weka kiko pembeni, unywe maji na kitu chenye sukari. Na kutokupeleka moshi mapafuni hakumaanishi uko salama, kansa ya mdomo na koo ipo kwa wavuta kiko vilevile, kwahiyo ni mtu mzima anayejua anachofanya, na sio mbele ya watoto.

Chini ya bakuli kwa kawaida panabaki vipande vyenye unyevu visivyoungua. Usivipigie njiti kwa hasira, ladha imeshakwisha pale, mwaga. Ikiwa kila mara kinabaki kingi, kama robo ya bakuli, basi uliivuta ikiwa bado na maji, kesho ongeza muda wa kuanika. Pitisha waya, acha kiko kipumzike angalau siku nzima kabla ya kukijaza tena ili mbao zikauke.

Kopo likishafunguliwa hamishia fleki zilizobaki kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, zikae gizani pasipo na joto. Za Virginia zinazidi kuwa nzuri kadri miaka inavyokwenda, na siku ukikuta vimetameta vidogo vyeupe juu ya kipande usikimbilie kutupa, shika tochi uangalie kwa karibu. Vikiwa vigumu vinang'aa kama chembe za sukari basi kipande kimezeeka vizuri, kivute. Ikiwa ni manyoya meupe au ya kijani na ukifungua inanukia chumba chenye ukungu, hiyo ni koga, tupa yote, na chupa uichemshe kabla ya kuitumia tena.