Maji yanajaa saa ngapi? Namna ya kupata watu kwenye tovuti ya biashara ndogo

Nina nyumba ya wageni ya vyumba vinne Jambiani, mashariki ya Unguja. Tovuti yake ilikaa miezi minane haitembelewi na mtu ila mimi, mdogo wangu na kijana aliyeitengeneza. Nikadhani kasoro ni picha, nikabadilisha picha. Nikadhani ni rangi, nikabadilisha rangi. Kumbe ndani ya WordPress, programu iliyojengewa tovuti yetu, kwenye mipangilio ya usomaji, kuna kisanduku kinachoziomba Google na wenzake wasiiorodheshe tovuti. Mafundi hukitia alama wakati wa kujenga ili kazi isionekane ikiwa nusu. Wetu alisahau kuiondoa hiyo alama. Miezi minane nakaa dukani na mlango nimeufunga kwa ndani.

Basi kabla hujampa mtu hata shilingi, fanya hivi: kwenye Google andika neno site, weka nukta mbili (:), kisha anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Kurasa zako zikitokea, mlango uko wazi. Zisipotokea, katazame kisanduku hicho, halafu jiandikishe Google Search Console, ambayo ni ya bure, uwapelekee ramani ya tovuti yako (sitemap), yaani orodha ya kurasa zake. Usikae ukingojea kesho yake. Huchukua siku kadhaa, pengine wiki.

Hiyo Search Console usiiache hata baada ya hapo, kwa sababu inakuonesha maneno ambayo watu waliyaandika mpaka tovuti yako ikawatokea. Mimi nilitaraji kuona jina la nyumba yangu. Nani analijua? Watu walikuwa wanauliza habari za bahari.

Anayekuja pwani yetu mara ya kwanza hushtuka. Kwenye picha kaona maji ya buluu mpaka mlangoni. Anafika saa nne asubuhi, siku ya bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, anakuta mchanga, majani, wanawake wa mwani wameinama kule mbali, na bahari yenyewe iko mwambani. Wapo walionidai warejeshewe pesa zao. Swali la maji yanajaa saa ngapi nimelijibu barazani mpaka mate yakanikauka, siku moja nikajiuliza kwa nini nisiliandike mara moja likaisha.

Nikaandika ukurasa. Nikaeleza kuwa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kuwa saa zake husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Nikaeleza kuwa mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvua, maji hutoka mbali na kurudi kwa wingi, na baina ya bamvua mbili ni maji mafu, tofauti huwa ndogo. Sikuficha kitu. Niliandika wazi kuwa anayetaka kuogelea saa yoyote afikirie Nungwi au Kendwa, kaskazini huko. Mume wangu akaniuliza kama nimerogwa, nawapeleka wateja kwa watu! Lakini ukurasa huo mmoja unaingiza watu kuliko kurasa nyengine zote kwa pamoja, na anayekuja baada ya kuusoma hanung'uniki. Huwa ameshapanga: maji yakitoka atakwenda kutembea mpaka mwambani, yakijaa ataoga.

Chini yake naweka jadweli ya mwezi mzima. Ya kwanza iliniaibisha. Niliiandika kwa saa zetu, kujaa saa 10, kupwa saa 4. Mgeni mmoja Mjerumani akatoka na taulo lake saa 10 kwa hesabu yao, ambayo kwetu ni saa nne, akakutana na mchanga mtupu. Sasa hebu piga hesabu: saa zetu na zao zinapishana kwa sita, na baina ya kujaa na kupwa ni saa sita na dakika chache. Jadweli nzima ilikuwa imepinduka! Kila nilipoandika kujaa, wao walisoma saa ya kupwa. Hata ningekusudia kuwadanganya nisingepatia hivyo. Siku hizi naandika 16:00 na sibishani na mtu.

Wewe pengine huna bahari, lakini maswali unayo. Weka daftari kaunta na kwa wiki mbili andika kila swali unaloulizwa, kwa maneno ya mwulizaji, usiyapambe. Fundi wa masanduku ya Kizanzibari ataona kila mtu anauliza sanduku litasafirishwaje na litachukua siku ngapi kufika. Muuza viungo ataulizwa namna ya kuijua karafuu nzuri. Kila swali liwe ukurasa wake, na kichwa cha ukurasa kiwe swali lenyewe, si "Karibu kwenye tovuti yetu", maana hakuna mtu duniani anayeandika hivyo kwenye Google. Mimi nina ukurasa wa daladala 309 inayokuja Jambiani, wa mambo ya chakula cha mchana mwezi wa Ramadhani, na wa bima ya lazima ya dola 44 kwa wageni kutoka nje, iliyoanza Oktoba 2024. Kurasa za namna hii huchacha kama nazi. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, nauli hupanda, vituo vya gari huhamishwa. Ukiandika, ujue umejipa kazi ya kuzipitia.

Halafu kuna ramani ya Google (Google Maps). Wasifu wa biashara wa Google (Google Business Profile), unaokuweka kwenye ramani hiyo, ni bure nao, na kwa nyumba kama yangu huleta watu karibu sawa na tovuti. Kwanza hakikisha alama imekaa juu ya paa lako. Yangu ilikuwa kwa jirani, na yeye akipokea wageni wangu kwa uso mkunjufu kabisa. Maoni yaombe kwa mdomo mgeni anapoaga. Usimpe punguzo ili aandike, Google wamelikataza hilo. Mabaya yajibu kwa upole, kwa sababu anayesoma jibu si yule aliyelalamika tu.

Lugha nayo ina mavuno yake. Niliona kwenye orodha yangu ya Search Console watu wanatafuta habari za maji ya Jambiani kwa Kiitaliano. Nikautia ukurasa kwenye mashine ya kutafsiri, kisha nikampa kijana mmoja wa ufukweni (wenyewe hawapendi kuitwa mapapasi) ambaye Kiitaliano kakiokota kwa wageni hao hao. Alicheka sana, akaufuta karibu nusu. Nilimlipa, na ilikuwa pesa niliyoitoa kwa moyo mweupe.

Picha: zipunguze kabla ya kuzipandisha. Picha ya simu ya megabaiti 5 ishushe chini ya kilobaiti 200, kwani mgeni wako anaifungua akiwa Forodhani, mjini Zanzibar, na bando la kuhesabu.

Linki kutoka tovuti za wengine Google huzichukua kama ushahidi kuwa tovuti yako ni ya kuaminika. Ziombe kwa mnaojuana: skuli ya kaiti iliyo karibu (wanaofundisha kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara), anayekodisha baiskeli, mkahawa unaowapeleka wageni wako. Atakayekupigia simu kukuuzia linki 1,000 mwambie una mgonjwa, ukate simu. Linki za kununua Google wakizigundua huzipuuza, au huishusha tovuti.

Mwisho kuna namba ya WhatsApp. Iweke juu kabisa kwenye kila ukurasa, iwe ya kubonyeza tu. Mitandao ya kuhifadhi vyumba mingi hukata kamisheni ya asilimia 15 hivi, na wageni wengi wakikuona huko hulitafuta jina lako Google kabla ya kulipa. Wakikuta namba, huuliza. Basi jibu. Mimi nimeandika kuwa najibu kuanzia 8:00 hadi 22:00 kwa saa za Zanzibar, na baada ya hapo simu nailaza chumba cha pili, maana kuna mama mmoja wa Canada alinipigia saa tisa za usiku kuniuliza maji yanajaa saa ngapi.