Nyumba ya matofali ya zamani? Weka saruji pembeni

Ukinunua Uingereza nyumba ya safu ya enzi za Mfalme Edward VII (1901–1910), fundi atakaposema mianya kati ya matofali izibwe upya, mwulize kwanza atatumia nini. Akijibu saruji, mkatalie.

Nyingi ya kuta hizo zilijengwa kwa chokaa na mchanga, na tofali lake ni laini. Chokaa hupitisha unyevu: ukuta hulowa, kisha hukauka. Saruji ni ngumu na huziba njia hiyo, kwa hiyo maji hutafuta kutokea kwenye tofali lenyewe. Baridi ikija, maji yaliyomo huganda na kutanuka, na uso wa tofali hubanduka vipande vipande. Inauma kuona ukuta uliostahimili miaka mia moja ukiharibiwa na ukarabati wa wiki moja.

Mianya ikwanguliwe kwa tindo na nyundo, kina cha milimita 20 hadi 25. Mashine ya kukatia hukwaruza kingo za matofali, na kingo hazirudi. Kazi ifanyike nje ya msimu wa barafu, na chokaa iliyotiwa upya kwenye mianya ifunikwe kwa magunia yenye unyevu ili isikauke haraka.