Vitonge vya protini vya ladha ya kashata, halua na chokoleti, bila oveni

Anayejua ladu na kashata tayari anajua nusu ya kazi hii. Kuna karanga, kuna kitu kitamu cha kushikanisha, kuna kiungo cha kunukia. Kinachobadilika ni hesabu: kashata hushikwa na sukari iliyoyeyushwa motoni, kitonge cha protini hushikwa na tende, na nafasi iliyobaki hujazwa maziwa ya unga. Hakuna shira ya kuchungulia wala oveni ya kuwasha. Moto unaohitajika ni wa kukaanga karanga na ufuta na kuchemsha maji kidogo tu.

Taabu yote iko kwenye hayo maziwa ya unga, kwa sababu hunywa maji polepole. Mchanganyiko uliolainika vizuri saa hii utakuwa umekaza robo saa baadaye, na ule unaoonekana mkavu mara nyingi utashikana wenyewe ukiachwa. Wanaoharibu huharibu hapo. Wanatia maji mapema mno, wanaona umelowa, wanaongeza unga, unakauka, wanarudia maji, na mwisho bakuli limejaa kitu ambacho si kitonge wala si uji.

Vipimo vya vitonge 20, kila kimoja gramu 26 hivi:

- karanga zilizokaangwa na kumenywa, gramu 200
- maziwa ya unga yenye mafuta yake, gramu 120
- tende laini zilizotolewa kokwa, gramu 150
- ufuta uliokaangwa, gramu 30
- maji ya moto, vijiko 2 vya chakula
- iliki ya kusaga, nusu kijiko cha chai
- chumvi, robo kijiko cha chai

Tumia mizani. Kikombe cha maziwa ya unga kilichoshindiliwa kinabeba mengi kuliko kilichojazwa kwa kijiko, na tofauti hiyo peke yake inatosha kuharibu mchanganyiko.

Sasa hesabu, maana neno "protini" siku hizi linabandikwa hata kwenye biskuti. Gramu 100 za karanga zina protini karibu gramu 25, maziwa ya unga karibu 26, ufuta karibu 17, tende 2 tu. Ukijumlisha, bakuli zima lina kama gramu 90, yaani gramu 4 na nusu kwa kila kitonge, pamoja na kalori 120 hivi. Yai moja la kuku lina protini gramu 6. Kitonge, basi, ni kitafunio kizuri cha baada ya mazoezi au cha saa kumi jioni, lakini si mlo. Sukari nayo ipo: ile ya tende na ya maziwa zikikutana zinafika gramu 7 hivi kwa kitonge. Mwenye kisukari asidanganywe na kauli ya "haina sukari" kwa kuwa tu hakuna aliyefungua kopo la sukari.

Ukitaka protini zaidi, toa gramu 60 za maziwa na uweke poda ya whey, ile inayouzwa makopo kwa watu wa jimu. Nyingi zina protini gramu 70 hadi 80 kwa kila gramu 100, kwa hiyo kitonge kinapanda hadi gramu 6. Usibadilishe maziwa yote. Whey ikiwa nyingi hunata vidoleni siku ya kwanza, na siku ya tatu vitonge vinakuwa vigumu kama mawe. Pia ikiwa poda yenyewe ina utamu, punguza tende hadi gramu 120, ujazie pengo kwa karanga.

Karanga

Hapa usiwe na haraka. Nunua mbichi kama gramu 230, uzimwage kwenye sinia penye mwanga, utoe zote zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na wadudu. Si suala la uzuri. Karanga za namna hiyo ndizo zenye uwezekano mkubwa wa kuwa na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu, na kukaanga hakuiondoi yote.

Zikaange kwenye kikaango kizito, moto mdogo, dakika 12 hadi 15, mwiko usitulie. Moto mkali huunguza ganda huku ndani kukiwa kubichi, na uchungu huo hautafunikwa na tende wala iliki. Chukua moja, ibane kwa vidole: ganda likichubuka bila kushikilia na ndani kukawa na rangi ya maziwa yaliyotiwa majani kidogo ya chai, epua hapo hapo hata kama ulitaka ziive zaidi, kwa sababu joto lililomo ndani litaendelea kuziivisha. Zimwage kwenye ungo, zikipoa zisugue kwa viganja, pepeta maganda yaende zake. Pima gramu zako 200 baada ya kumenya.

Weka kando gramu 50 na uzitwange kidogo kwenye kinu, zibaki chenga. Chenga hizo ndizo zinazofanya mdomo uhisi unatafuna kashata, badala ya kulamba siagi. Zilizobaki ziingie kwenye blenda. Kwanza zitakuwa unga, kisha zitagandia ukutani mwa jagi kwa madonge. Zima, kwangua, acha mota ipumzike dakika 2, endelea. Karibu na mwisho mafuta yanaanza kutoka na rojo inang'aa. Simama ikiwa bado nzito, inayoanguka mwikoni kwa donge. Ukisaga mpaka imiminike, vitonge vitavuja mafuta.

Blenda ikikwama, usitie maji. Maji kidogo yakiingia kwenye siagi ya karanga huifanya ikaze ghafla kama udongo wa mfinyanzi, na hapo blenda ndiyo haitazunguka kabisa. Ukilazimika, tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya karanga au ya nazi.

Siagi ya karanga ya dukani inafaa, gramu 150 pamoja na chenga zako. Soma kopo kwanza: yenye sukari, punguza tende hadi gramu 110, yenye mafuta yaliyopanda juu, koroga hadi chini kabla ya kupima.

Tende na kukanda

Maji yote ya kazi hii huingilia kwenye tende. Pitisha kidole katika kila moja, hata zile zilizoandikwa hazina kokwa. Zikatekate, zimwagie vijiko 2 vya maji ya moto, funika dakika 10, kisha ponda kwa uma hadi ziwe rojo. Tende kavu za kukwaruza zinataka vijiko 4 na dakika 20. Maji yatakayobaki yamimine kwenye kikombe, usiyamwage.

Changanya rojo la tende na siagi ya karanga kwanza, mpaka usione michirizi. Tia chumvi, iliki, chenga na nusu ya ufuta. Halafu chekecha maziwa ya unga juu yake kwa mafungu matatu, ukikanda kwa mkono kila mara. Usiache kuchekecha: kidonge kikavu cha maziwa kikishaingia ndani hakiyeyuki tena, na anayekula atakipata kama chokaa ulimini.

Funika bakuli, ondoka, rudi baada ya dakika 15. Sasa ndipo unapopima. Finyanga kipande kidogo kuliko ndimu, kibonyeze kwa kidole gumba. Kikichanika kingoni, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha yale maji ya tende (au maji ya kawaida), kanda, subiri dakika 5, pima tena. Kikiacha kiganja kinang'aa mafuta, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha maziwa. Kikibonyea bila kuchanika na kiganja kikabaki kikavu, acha kama kilivyo.

Wakati wa kuviringa, bana kwanza ndani ya ngumi mara mbili tatu, ndipo uzungushe kati ya viganja. Anayeanza kwa kuzungusha moja kwa moja hupata kitonge chenye nyufa. Paka viganja mafuta kidogo, si maji, kwani maji huacha utando wa kunata juu. Viringisha kwenye ufuta uliobaki na weka kwenye friji dakika 30.

Ladha

Halua ndiyo inayostahili muda zaidi. Loweka nyuzi chache za zafarani ndani ya yale maji ya moto kwa dakika 10, maji yakigeuka manjano ndipo uyapashe tena kidogo na kuyamwagia tende. Ongeza kungumanga ya kukuna, robo kijiko cha chai, iliki uifikishe kijiko kizima, na maji ya waridi kijiko kimoja cha chai. Badala ya chenga za karanga, weka gramu 50 za korosho na lozi zilizokatwakatwa. Usitegemee ule mvutano wa halua. Huo hutoka kwenye wanga na samli zilizopikwa na kukorogwa kwa muda mrefu. Hapa unaazima harufu, na harufu inatosha.

Kwa chokoleti, tumia kakao tupu, vijiko 3 vya chakula vilivyosawazishwa, kama gramu 15, na upunguze maziwa hadi gramu 105. Kakao hunywa maji mengi kuliko maziwa ya unga, hivyo anza na vijiko 3 vya maji. Ile poda ya chokoleti ya kunywa haifai, sehemu kubwa ni sukari. Iliki usitie, weka vanila matone machache na chumvi uiongeze kidogo tu. Bila chumvi kakao huwa na uchungu usio na ladha.

Pwani kahawa chungu hunywewa na kashata, na ladha hizo mbili zinakaa vizuri ndani ya kitonge kimoja. Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha kahawa ya unga ya kuyeyuka ndani ya maji ya moto ya kumwagia tende, na badala ya ufuta weka gramu 40 za nazi kavu. Nazi mbichi ya kukuna kwa mbuzi ina harufu bora, ila ikaushe kwanza kwenye kikaango, moto mdogo, dakika 10 hadi 12, mpaka ikwaruze vidoleni. Hupungua karibu nusu ya uzito, kwa hiyo anza na gramu 80. Ukiitia ikiwa mbichi, vitonge vitachacha upesi.

Ladha ya keki ya ndimu haikubaliani na karanga, ambazo humeza kila kitu. Saga korosho badala yake, tia unga wa ubuyu gramu 15 na ganda la ndimu 2 lililokunwa, lile la kijani tu, maana jeupe ni chungu. Juisi ya ndimu usitie. Ukali unatoka kwenye ubuyu, tena bila kuongeza maji.

Visivyopaswa kuingia

Unga wa ngano mbichi usitumie kabisa, hata kama ladha ya "keki" inakuvuta. Unaweza kubeba bakteria, na hapa hakuna moto wa kuwaua. Mayai mabichi nayo vivyo hivyo. Unga wa soya una protini nyingi, lakini uwe wa soya iliyochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, yaani unakula kilekile kinachokunyima faida uliyoifuata. Uki­unusa ukasikia harufu ya maharage mabichi, urudishe.

Asali inaweza kuchukua nafasi ya tende, gramu 90, bila kuongeza maji yoyote, ingawa kitonge chake hulainika kwenye joto na hunata kwenye karatasi. Chenye asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Kwa watoto wadogo usitie chenga wala lozi, saga kila kitu kiwe laini, kwa hofu ya kupaliwa. Na kama ni vya kugawa kazini au shuleni, sema wazi vina karanga, ufuta na maziwa. Kuna ambao mzio wa kimojawapo unaweza kuwaua.

Vikishaharibika

Vinavyomomonyoka siku ya pili vilikosa muda wa kupumzika, maziwa yalikuwa bado yanakunywa maji yako ndani ya friji. Vivunje, nyunyizia kijiko kimoja cha chakula cha maziwa ya maji yaliyochemka, kanda, viringa upya, uvile siku hiyo hiyo. Vinavyovuja mafuta kwenye joto la Dar au Mombasa karanga zake zilisagwa mno. Vizungushe kwenye maziwa ya unga na uviweke baridi, havina tiba nyingine. Vilivyokuwa vigumu kwa sababu ya whey huwezi kuvirudisha. Vikatekate juu ya uji wa moto.

Kwenye friji, ndani ya chombo chenye mfuniko, vinakaa wiki moja. Vya nazi uliyoikausha mwenyewe, siku 3. Nje ya friji usizidishe siku moja, na penye joto kali nusu siku. Kwenye frizi vinafika miezi 2 bila kupoteza ladha, mradi uvigandishe kwanza kwenye sinia vikiwa vimeachana, saa 2 hivi, ndipo uvitie kwenye mfuko. Vikiingia mfukoni vikiwa laini vitatoka donge moja. Vitoe dakika 20 kabla ya kula. Vya whey vipe nusu saa, maana vikiwa baridi hung'ang'ania meno.